Moduli Nyekundu ya Kaka

Tarehe 2 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Salamu zitakuja mwishoni kama karatasi itatosha. Kwanza nikupe habari ya msiba: amplifaya yangu imekufa. Ile ile ya valvu, zile taa za kioo za zamani, uliyoifufua mara nyingi mpaka nikawa nawaambia watu kwamba nina mdogo wangu daktari wa wafu. Safari hii ni transfoma. Nilikuwa nafanya mazoezi hapa nyumbani, moshi ukapanda, wifi yako akaja mbio akidhani nimesahau sufuria jikoni. Wewe mwenyewe uliwahi kusema siku transfoma ile ikiondoka tusihangaike kutafuta nyingine, maana aliyekuwa akizisuka ameshafunga kazi. Basi nimeifunika shuka nikaisukuma pembeni.

Bwana Saa amenikabidhi sanduku jipya la nguvu. Huyu ndiye kiongozi wetu wa bendi siku hizi. Tumempa jina hilo kwa sababu hutazama saa hata akiwa msibani. Sanduku lenyewe halina tatizo. Mbele lina nafasi ya kuchomeka moduli ya priampu, kile kipande kinachopokea gitaa kwanza na kulipa sura kabla sauti haijatiwa nguvu. Moduli iliyokuja nalo ni takataka. Sauti yake imevaa koti zito.

Sasa sikiliza. Tunaingia studio Aprili. Kabla ya hapo Bwana Saa anataka kumsikiliza kila mpigaji upya, peke yake, eti bendi imezeeka. Wenzangu wanacheka. Mimi sicheki, maana wiki iliyopita nilimkuta ukumbini na mpigaji gitaa mwingine, wamekaa wanakunywa soda kama wachumba. Nimekalia kuti kavu, mdogo wangu. Hakuna kazi nyingine ninayoijua duniani. Kilichoniweka bendi hii ni sauti yangu safi, ile inayotoka bila mkwaruzo, kila noti inasimama peke yake hata nikigusa nyuzi zote sita kwa pamoja. Watu hunijua kwa hiyo kabla hawajaniona uso. Bila hiyo mimi ni mzee aliyeshika gitaa tu.

Nitengenezee sauti yangu. Vifurushi tia kwenye basi, na barua tia humo humo. Simu ya hapa nyumbani usipige, imeharibika, inanong'ona tu.

Salamu zimepata nafasi: hatujambo.

Kaka yako,
Nyuzi


Tarehe 11 Februari

Kaka Nyuzi,

Pole kwa msiba. Nilikaa kimya kidogo kwa heshima ya marehemu, kisha nikawasha chuma cha kulehemu.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Wewe nakupa majembe matatu, tuone. Ni moduli tatu, nimezipaka rangi mgongoni ili tusije tukagombana kwa majina.

Nyeupe nimeiunda kwa tranzista. Ni safi kama sahani iliyotoka kuoshwa. Ukigonga kwa nguvu haichafuki, lakini haikubembelezi. Njano ina valvu moja ndogo mbele, na mimi naiona ndiyo iliyo karibu zaidi na marehemu: noti inaanza na mlio mkali kidogo kama kengele ya baiskeli, kisha inatulia na kubaki hewani. Kijani ina valvu mbili. Ina unene, itakufaa ukipiga polepole, ila ukikaza mkono itaanza kukwaruza.

Sasa masharti, na uyafuate maana nakujua. Gitaa lile lile, waya ule ule, kiti kile kile. Vitufe vyote katikati. Na ukali wa sauti uwe sawa kwa zote tatu, kwa sababu ile yenye kelele zaidi humdanganya mtu akadhani ndiyo tamu zaidi. Maneno haya si yangu, ni yako. Uliniambia nikiwa na meno ya utoto, uliponisimamisha mbele ya spika mbili na kuniuliza ipi inasema kweli. Mpaka leo nikimaliza kuunda kitu huwa najiuliza wewe ungesemaje. Wateja wangu hawajui kwamba anayewakagulia kazi ni mtu aliye mji mwingine.

Chagua, unijibu.

Mdogo wako,
Fundi


Tarehe 19 Februari

Fundi,

Unanichezea?

Nimefuata masharti yako yote kama mtoto wa shule. Nyeupe: mtu anaimba akiwa ndani ya kabati. Kijani: mtu huyo huyo, na kabati limefunikwa blanketi. Njano, hiyo uliyoisifia, ndiyo iliyonivunja moyo kabisa, maana nilikuwa naingoja. Kengele ya baiskeli iko wapi? Nimeisikiliza kwa karibu, nimeisikiliza kwa mbali, nimepiga magoti mpaka uso ukagusa spika. Nasikia kidole kikigonga uzi, nasikia mbao. Pale juu ya noti, panapometameta, hapana kitu. Umekata kichwa cha kila noti ukanitumia kiwiliwili.

Baadaye nilivunja sharti lako nikafungua trebo mpaka mwisho, ili zile sauti za juu zipande kwa nguvu. Zikapanda kidogo, kama mtu anayekohoa.

Sisemi hujui kazi. Nasema labda umechoka, au kuna kipande ulichokosea. Njano nakurudishia, ifungue uitazame tena. Yule mpigaji mwingine amekuja tena ukumbini, na safari hii amekuja na gitaa lake. Alipiga. Wenzangu walimpigia makofi, nami nikapiga, ningefanyaje.

Tafadhali, mdogo wangu.

Nyuzi


Tarehe 26 Februari

Kaka,

Njano nimeifungua, nimepima kila kiungo, nimerudia. Ni nzima. Kisha nikasema labda mimi ndiye nimeshaizoea, nikamwita jirani yangu anayetengeneza redio aje kuisikiliza. Nikapiga noti chache tu. Akaniambia, "Mama, punguza trebo, inachoma." Trebo ilikuwa katikati.

Kwa hiyo sielewi, na unajua nisipoelewa sili vizuri. Njano nakurudishia pamoja na waya mpya. Nyuzi za gitaa badilisha, zikichakaa hupoteza mng'aro. Kitambaa cha mbele ya spika nacho kitoe, vumbi likikolea huwa kama mkono mdomoni. Kifaa hakina uchawi, kaka. Kosa lipo mahali, nasi tutalifuata mpaka tulishike.

Usikate tamaa. Na huyo mpigaji mwingine mwache apige. Nani amewahi kumwita Nyuzi?

Fundi


Tarehe 4 Machi

Fundi,

Nimebadilisha nyuzi. Nimebadilisha waya. Nimeng'oa kitambaa, sanduku limebaki uchi mbele ya mwanangu. Nimehamisha kiti, nimetoa mapazia kwa sababu nguo hula sauti, nimemwambia wifi yako aondoe hata godoro lililoegemezwa ukutani. Majirani wanagonga ukuta. Nawasikia wanavyogonga, ngoma nzito kabisa hiyo naisikia. Njano siisikii.

Yaani naisikia, lakini si ile. Unanielewa? Niambie unanielewa.

Jana nilikaa mbele ya sanduku nikalia, na sioni haya kukuandikia. Nimezibadilisha hizi tatu huku na huku mpaka matundu yamelegea. Kila ninapoingiza nyingine nasema hii ndiyo, kisha napiga na moyo unashuka. Bwana Saa ataniita mwisho wa mwezi. Atakaa pale mbele na saa yake, nami nitampigia kiwiliwili.

Niambie kuna kosa. Kosa lolote. Sema umenunua vipande vibovu, nitakusamehe kabla hujamaliza sentensi. Nitumie nyingine.

Kaka yako


Tarehe 6 Machi

Wifi yangu,

Usishangae mwandiko, ni mimi mke wa kaka yako. Barua hii naiandikia kazini, kiwanda cha mikate, juu ya gunia la unga, kwa hiyo na vumbi lake usilishangae.

Simu yetu ni nzima. Nilitaka uanze na hilo. Inaita kila siku na mimi ndiye ninayeipokea. Yeye akiishika hukunja uso, husema "eti?" mara mbili, kisha huikata na kusema imeharibika. Birika letu la filimbi lilichemka mpaka likakauka, na yeye yuko pale pale mezani anasoma gazeti. Binti akizungumza akiwa amempa mgongo, hamjibu. Juzi nilimwambia maji yamekatika, akaniambia asante. Tulicheka sote watatu, kisha nikaenda uani nikalia.

Moduli zako hazina kosa, wifi. Mimi si fundi wala mwanamuziki, lakini akipiga hiyo ya njano na vitufe alivyovifungua, mbwa wa jirani anabweka na mimi meno yananiuma. Yeye anasema haina juu.

Nilimgusia habari ya daktari. Akaniambia, "Siku masikio yakiniaga, msinitafute." Hakuwa anatania, nimeishi naye, najua anapotania. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nalijua hilo, lakini mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja na ninaogopa. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Fanya lolote unaloweza kwa mikono yako apumue kidogo, mpaka nimpate kwa upole nimfikishe hospitali.

Wifi yako


Tarehe 12 Machi

Kaka,

Ulisema kweli. Nimelipata kosa na lilikuwa langu. Kuna kipande kimoja nilikipima vibaya, nikakirudia hivyo hivyo katika zote tatu, ndiyo maana zote zilitoka butu. Nisamehe kwa kukusumbua.

Nimeunda nyingine, nimeipaka nyekundu. Vitufe weka katikati, usivipandishe. Ombi langu ni moja: ipige nyumbani tu, mlango umefungwa, sauti ya chini. Sijamaliza kuipima. Usiitoe nje mpaka nitakapokuambia.

Fundi


Tarehe 12 Machi

Wifi,

Barua hii naituma kazini kwako ili isipitie mikononi mwake.

Nimemdanganya. Utakuta nimemwandikia kwamba kosa ni langu, nawe usinikanushe. Nilipoandika maneno yale mkono ulikuwa mwepesi, jambo lililonitisha, maana sijawahi kumdanganya huyu mtu juu ya sauti hata siku moja.

Nyekundu ni ya kupoza maumivu tu. Sauti za juu nimezipandisha mno, pale pale ninapodhani sikio lake limepungua. Kwake itakuwa tamu. Kwa mwenye masikio mazima itakuwa sindano. Tieni pamba, wewe na binti. Lakini isifike ukumbini, nakuomba, isifike. Mpeleke hospitali upesi, mwambie ni mafua, mwambie ni nta ya masikio, mwambie lolote litakalomtoa kitini.

Wifi yako, Fundi


Tarehe 17 Machi

MDOGO WANGU!

Hii ndiyo! Hii ndiyo, hii ndiyo!

Niliichomeka nikiwa nimeshakata tamaa, nikapiga uzi wa kwanza ukiwa wazi, na kengele yako ya baiskeli ikapita katikati ya chumba. Niliacha kupiga. Niliogopa nikirudia haitakuwepo. Nikarudia, ipo. Fundi, ile ncha ya noti imerudi, na kule inakofia noti pia, ule moshi mwembamba unaobaki hewani baada ya kidole kuondoka. Nilikuwa nimeusahau. Unaweza kuamini? Nilikuwa nimesahau kwamba noti huwa na mwisho.

Nyeupe, kijani, njano, zote tupa. Ukilinganisha na hii ni kama kuongea na mtu kupitia dirisha lililofungwa. Wifi yako amenywea kidogo, anasema kichwa kinamuuma, nadhani ni joto la tanuri huko kiwandani kwao. Nimempigia nyimbo zile za zamani. Alitabasamu huku ameshika mashavu.

Sasa usinigombeze. Najua ulisema nisiitoe nje. Wewe siku zote hupima mpaka chakula kipoe. Nimemwendea Bwana Saa nikamwambia, mwisho wa mwezi ni wa nini, nisikilize Ijumaa hii, tena waite wote wakae. Amekubali. Hata yule mwingine nimesema aje, akae mbele, ajifunze.

Umenirudishia roho yangu.

Nyuzi wako


Tarehe 23 Machi

Umeweka nini ndani ya ile nyekundu?

Nijibu hilo tu. Sitaki salamu.

Nilipiga vizuri. Najua nilipiga vizuri, vidole vyangu havijawahi kunidanganya. Nilikuwa nimefumba macho. Nilipofumbua, mwimbaji wetu Chiriku, mwanamke ambaye tumeimba naye nusu ya maisha yangu, alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili na machozi yanamtoka. Mpiga besi ameinamisha kichwa. Bwana Saa hakutazama saa. Aliinuka, akaja taratibu, akachomoa waya ukutani kwa mkono wake, akanishika bega kama mtu anavyomshika mfiwa. Alisema kitu. Sikukisikia. Ilibidi arudie na watu wote wanatazama: "Inatoboa, Nyuzi. Wewe huisikii?"

Mimi nilikuwa nasikia asali.

Yule mwingine alikuwa amekaa mbele, kama nilivyoagiza. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, au mimi ni mwendawazimu? Chagua moja, uniandikie.


Tarehe 26 Machi

Kaka,

Si mwendawazimu. Nilikudanganya.

Moduli tatu za mwanzo hazikuwa na kosa lolote. Njano ndiyo sauti yako, ile ile, na yeyote mwenye masikio mazima angekuambia hivyo. Nyekundu niliiharibu makusudi. Nilipandisha sauti za juu kuliko mtu yeyote anavyoweza kustahimili, ili wewe uzisikie, kwa sababu masikio yako yamepoteza zile za juu. Si kifaa, si waya, si mapazia. Ni masikio, kaka. Neno hili nimelichelewesha, lakini nimeliandika.

Nilijua tangu mwanzo wa mwezi. Usiniulize nilijuaje. Ningekuambia siku ile ile, nikaogopa. Niliona barua yako ya machozi nikasema nimpe siku chache za furaha, zitamdhuru nini. Sasa najua zilikudhuru nini.

Barua yako ya furaha ilinifikia Ijumaa asubuhi. Nilikimbilia simu. Ilikuwa inaita, kaka, simu yenu ni nzima. Iliita mpaka ikakatika, nikapiga tena, nikapiga tena. Wifi alikuwa kazini na binti shuleni. Wewe ulikuwa nyumbani unajiandaa, na simu iko mezani karibu na sanduku lako. Nilikaa na kile chombo sikioni nikiisikia inavyoita nyumbani kwako, na nikajua kwamba uko pale.

Sikuombi unisamehe leo. Nenda kwa daktari.

Fundi


Tarehe 5 Aprili

Wifi yangu,

Amesoma barua yako. Aliikunja, akaitia mfukoni mwa shati, na tangu siku hiyo hasemi. Anakula kidogo. Bendi imeingia studio bila yeye. Hata gari la bendi lilipopita kuchukua spika hakutoka nje.

Kuna jambo moja nataka ulijue, na sijui nilifurahie au nililie. Hachomeki tena chochote. Analichukua gitaa kavu kavu, anainama, anaweka taya lake juu ya mbao, anapiga uzi mmoja mmoja huku amefumba macho. Anakaa hivyo mpaka shingo inamuuma. Binti amemuuliza baba unafanya nini, akamwonyesha kwa ishara: nasikiliza kwa mfupa.

Nilimfuata nikamwambia twende hospitali. Aliinuka akavaa viatu. Sikuamini. Daktari alimtia ndani ya kichumba chenye kuta za sifongo, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Mimi nilikuwa nje ya kioo, mlio wenyewe siusikii, naona taa yake tu. Taa iliwaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika, na yeye ametulia na kidole chake juu ya kitufe, anasubiri.

Mwandikie. Mimi maneno yameniishia.

Wifi yako


Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu,

Nimerudi kuandika.

Daktari anasema yaliyoondoka hayarudi, na yaliyobaki nayo yanaaga polepole. Miaka yote ya kukaa mbele ya spika. Atanipa kifaa cha sikioni, kitanisaidia kusikia watu wakiongea. Nilimuuliza kuhusu gitaa. Akatazama karatasi zake.

Sasa nikuambie langu, maana wewe umesema lako. Nilikuwa najua. Si kama unavyojua wewe, kwa vipimo, lakini nilikuwa najua. Mtu hujua. Ndege wa asubuhi walikuwa wamenyamaza dirishani kwangu nikasema wamehama. Amplifaya ilipoungua, Mungu anisamehe, nilifurahi, kwa sababu nilipata wa kumlaumu. Maadamu kuna moduli nyingine ya kujaribu, ugonjwa ulikuwa ndani ya sanduku, haukuwa ndani yangu. Ningeweza kukuomba moduli mpaka nife. Na wewe, mjinga wangu, ungezituma.

Kwa hiyo hasira yangu ilikuwa ya nini? Ya kwamba ulinidanganya juu ya sauti. Wengine wote wananidanganya, ni haki yao, wananipenda. Wewe ndiye sikio pekee ninaloliamini, hata kuliko langu lilipokuwa zima. Usirudie.

Nimekwenda kwa Bwana Saa nikamwambia kila kitu mwenyewe. Nilidhani atatazama saa. Hakuitazama. Akasema kuna dansi la Jumapili alasiri tarehe 20, nipige na bendi. Njano ndani ya sanduku, vitufe vimewekwa na fundi wa mitambo na kufungwa kwa karatasi ya gundi nisiviguse. Halafu akasema, "Baada ya hapo uamuzi ni wako. Ukiona unaweza, kiti chako kipo." Umeona mambo hayo? Mimi nisiyesikia ndiye nitakayeamua kama nasikika vizuri. Nikibaki vibaya, nitakuwa mzee anayeonewa huruma kila Jumapili na hajui. Hilo siliwezi. Heri nilitundike gitaa ukutani.

Wote watasema ilikuwa nzuri. Chiriku atanikumbatia, wifi yako atalia. Njoo, Fundi. Simama nyuma kabisa, usinikaribie siku hiyo, maana uso wako nitausoma na maneno yako sitayapata yote. Rudi kwako, kaa, uniandikie ulichosikia. Uniandikie kama unavyomwandikia mteja.

Nitaamua kwa barua hiyo.

Kaka yako,
Nyuzi


Tarehe 22 Aprili

Kaka,

Nilisimama nyuma, karibu na mlango wa kutokea, pembeni ya nguzo. Ulivaa shati jeupe. Nilikuona ukinitafuta kwa macho, nikajificha, kwa sababu uliniambia.

Njano ilifanya kazi yake. Ukumbi ule una mwangwi mbaya lakini sauti yako iliukata, kila noti ikaanza na ule mlio wake mkali na kutulia. Wimbo wa kwanza ulipiga kama zamani. Sitii chumvi, nimekula kiapo. Jirani yangu pale nyuma, mtu nisiyemjua, alimwambia mkewe bila kugeuka, "Nyuzi huyo." Hakuwa amekuona, kulikuwa na watu mbele yake. Mkono wako haujazeeka.

Katikati ya wimbo wa pili uzi wa kwanza uliteleza. Sauti yake ilishuka, si sana. Ulikuwa na nafasi ya kuukaza kabla ya wimbo wa tatu; uliupiga mara moja, ukainamisha sikio, ukaridhika. Ulipiga nao hivyo hivyo mpaka mwisho wa dansi. Kila ulipopanda juu, pale unapopenda kupanda, ulipanda chini ya bendi. Chiriku alijaribu kukufuata, akaimba chini kidogo ili msipishane. Mpiga besi alikutazama, kisha akatazama viatu vyake. Bwana Saa alitoka nje. Mwishoni watu walisimama wakapiga makofi marefu sana, na hakuna aliyekuambia, na najua hakuna aliyekuambia mpaka leo.

Kuna kifaa cha kupatanishia nyuzi, kinachoonyesha kwa taa kama uzi umeshuka; nimekitia kwenye kifurushi. Kitakufaa kati ya wimbo na wimbo. Uzi ukiteleza wimbo ukiwa katikati hakitakufaa kitu.

Uliniomba nikuandikie kama ninavyomwandikia mteja. Ingekuwa kijani, ukungu wake ungeufunika uzi ule. Ingekuwa nyekundu, watu wangeziba masikio wasijue kilichowauma. Njano ni safi, kaka. Kila noti ilisimama peke yake, na ile iliyoshuka nayo ilisimama peke yake, na ukumbi mzima uliisikia isipokuwa wewe.

Mdogo wako,
Fundi